Ngano zenye picha ziondolewe kwenye kona ya watoto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwatetee watu wazima wanaopenda kusoma ngano, yaani hadithi za kale, zenye picha. Hapa Tabora wengi huazima vitabu hivyo kwa kusingizia mtoto, kwa sababu maktabani vimewekwa kwenye kona ya watoto, penye viti vinavyoishia gotini. Aibu hiyo haina msingi.

Ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, walipotoa juzuu yao ya kwanza ya ngano mwaka 1812, haikuwa na picha. Ilikuwa na maelezo ya kitaalamu kwa wasomi. Toleo dogo lililowalenga watoto, hadithi 50 na picha 7 za mdogo wao Ludwig Emil, lilikuja mwaka 1825. Na hadithi za Kiswahili alizozichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere huko London mwaka 1870, alisimuliwa Unguja na watu wazima.

Mtu aliyechoka na kazi hana nguvu ya kufuata riwaya yenye wahusika ishirini. Ngano ina watatu au wanne, jambo linarudiwa mara tatu, na tangu "hapo zamani za kale" moyo unajua kwamba mdogo wa mwisho atafika salama. Picha nayo inalipa jicho mahali pa kutua.

Hadithi moja inatosha kwa usiku mmoja, dakika 15 hadi 20. Kabla ya maneno, kaa na picha dakika mbili nzima. Tuchukue michoro ya Arthur Rackham, mchoraji Mwingereza aliyefariki mwaka 1939. Alichora kwa wino kwanza, kisha akapitisha rangi nyepesi za maji, tabaka juu ya tabaka, nyingi za kahawia kama majani makavu. Fuata mstari wa wino kuanzia chini ya mti. Mzizi utauona una vidole, na fundo la shina linakutazama. Hapo sasa soma, kwa sauti ya chini, wala usiruke yale yanayorudiwa. Ndiyo yanayotuliza pumzi. Wengi hukosea kwa kuwinda funzo kila ukurasa, na faraja yote inageuka kuwa mtihani. Wengine husomea kwenye simu, ambako picha ya kurasa mbili hukatwa katikati na ujumbe wa deni huingia juu yake.

Vitabu hivi vinataka uangalizi. Picha za rangi mara nyingi huchapwa kwenye karatasi yenye kung'aa, ambayo imepakwa tabaka laini la madini. Ikilowa kisha ikaukia kitabu kikiwa kimefungwa, tabaka hilo hugeuka gundi na kurasa hushikana kuwa tofali. Ukizivuta, picha inabanduka. Kwa hiyo paa likivuja wakati wa masika, usikifunge kitabu kikauke chenyewe. Tia karatasi nyeupe kavu kati ya kila kurasa mbili, uzibadilishe kila zinapolowa, kivulini penye upepo. Usitumie gazeti, wino wake utahamia kwenye picha. Jua la Agosti nalo ni baya: linapausha rangi na kukunja jalada. Na mchwa hupanda kupitia ukutani, kwa hiyo rafu isiguse ukuta, iachiwe nafasi nyuma kiasi cha kupitisha mkono.

Ombi letu kwa wenye maktaba na vyumba vya kusomea, hapa na Kigoma, ni dogo. Tengeni rafu moja ya ngano zenye picha upande wa watu wazima, kwenye kimo cha kifua, karibu na meza yenye taa. Vile vikubwa na vizito vilazwe, kwa maana vikisimamishwa kurasa hulegea na kung'oka kwenye mgongo. Na muhuri wa maktaba ugongwe kwenye ukurasa wa jina, usigongwe juu ya picha.

Wakutubi wawili,
Tabora