Damu kwenye choo cha kijana si kichocho kila mara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie saratani ya utumbo mpana, ambayo wengi tunaihesabu kuwa ugonjwa wa wazee. Kwa watoto na vijana ni nadra sana, lakini ipo, na kwao mara nyingi hugundulika ikiwa imeshasambaa.

Huku kandokando ya Ziwa Victoria tuna sababu ya ziada ya kuchelewa: kichocho cha tumbo kimetuzoesha damu kwenye choo. Kijana anayeshinda mwaloni akilalamika tumbo na kuona damu, atanunuliwa dawa ya amiba duka la dawa au atapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na mambo yataishia hapo. Ni kweli, mara nyingi huwa ni kichocho. Lakini akishatibiwa na damu ikaendelea, akakonda, akapungukiwa damu mwilini, kumrudishia dawa ileile ni kumpotezea muda ambao hana.

Naziomba halmashauri za mkoa wa Mwanza ziwaelekeze watumishi wa zahanati na vituo vya afya kwamba mgonjwa wa namna hiyo, hata kama ana miaka 14, apewe rufaa mapema kwenda Hospitali ya Bugando akachunguzwe utumbo kwa kamera. Wamuulize pia kama kuna ndugu aliyeugua saratani hiyo angali kijana, maana zipo familia zinazorithishana vinyama vya utumbo vinavyoanza kuota tangu ujanani na baadaye kugeuka saratani. Watoto wa familia hizo wachunguzwe hata kabla ya kuumwa.

Msomaji wako,
Igoma, Mwanza