Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Wamaya, Konde na Hati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kuwa nasi katika siku hii ya Klabu ya Historia. Mada yetu mwaka huu ni Wamaya wa kusini mwa Mexico, Guatemala na Belize, na namna walivyoinuka mara baada ya mara kudai ardhi yao na haki ya kujitawala. Huenda mtu akauliza, Wamaya na Tanga wapi na wapi?

Jibu umelipita barabarani ulipokuwa ukija. Mkonge si mmea wa hapa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Asili yake ni rasi ya Yucatán, nchi ya Wamaya, na jina la sisal ambalo Wazungu wanauita ni jina la bandari ndogo ya huko, nyuzi zilikopakiwa melini. Ndugu yake mkonge huo, henequen, ndiye aliyewatajirisha mabwana wa Yucatán kwa kamba za kufungia miganda ya ngano katika mashine za kuvunia za Marekani. Aliyekata majani yake alikuwa Mmaya, na alifungwa shambani kwa deni: alikopa mahindi na nguo katika duka la bwana, deni likapanda kuliko ujira, na asiyemaliza deni hakuruhusiwa kuondoka. Sisi watoto wa mkoa wa mkonge tuliona si haki kuijua kamba bila kuwajua watu wa nchi ilikotoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugomvi wa ardhi wa Wamaya hauwezi kueleweka bila kwanza kulijua konde lao, ambalo kwa Kihispania huitwa milpa. Yucatán ni mwamba wa chokaa wenye udongo kiduchu juu yake. Mkulima hufyeka msitu, huacha matawi yakauke, kisha huchoma mwishoni mwa kiangazi, mvua ikiwa mlangoni. Hapo ndipo penye hesabu. Akichoma mapema mno, magugu huyatangulia mahindi. Akichelewa mvua ikamkuta, matawi hulowa, moto haushiki, na mwaka huo hana konde. Mvua zikianza hushika muo, mti uliochongwa ncha, hutoboa shimo, hutia punje kadhaa za mahindi pamoja na maharage na mbegu za maboga, hufukia kwa mguu, hupiga hatua, hutoboa jingine. Haragwe hupanda juu ya bua la mhindi, na majani ya boga hufunika ardhi isikauke. Baada ya miaka 2 au 3 rutuba hupungua, magugu huzidi nguvu, na konde huachwa lirudi kuwa msitu kwa miaka 10, 20 au zaidi.

Maana yake ni kwamba familia inayolima kipande kimoja inahitaji vipande vingine vingi vilivyopumzika. Mwenyeji anajua lipi lililimwa na babu yake na lipi litalimwa na mwanawe. Mgeni mwenye karatasi na wino anaona pori tu.

Baada ya uhuru kutoka Hispania mwaka 1821, watawala wapya wa Yucatán walianza kuuza pori hilo. Kisheria liliitwa baldíos, yaani ardhi tupu isiyo na mwenyewe, na katika miaka ya 1840 waliitumia hata kuwalipa wanajeshi wao. Huko Chiapas, jimbo la kusini mwa Mexico, neno hilohilo lilihama kutoka ardhini likamkalia mtu. Mmaya aliyekutwa akiishi kwenye ardhi iliyouzwa aliitwa yeye mwenyewe baldío, akatakiwa kumfanyia mwenye hati kazi kwa siku kadhaa bila malipo ili aachwe abaki alipozaliwa. Katika yote tuliyosoma, hakuna kilichotuuma kama safari ya neno hili.

Mauasi yalikuwapo tangu zamani. Watzeltal, Wamaya wa Cancuc huko Chiapas, waliinuka mwaka 1712. Jacinto Canek, kiongozi wa uasi wa Yucatán, aliuawa Mérida mwaka 1761. Kubwa kuliko yote lilianza Yucatán mwaka 1847, kodi za serikali na michango ya kanisa zilipoungana na uuzaji wa ardhi. Tarehe 26 Julai Manuel Antonio Ay, kiongozi wa Kimaya, aliuawa mjini Valladolid kwa tuhuma za kupanga uasi. Siku 4 baadaye mwenzake, Cecilio Chi, alikishambulia kijiji cha Tepich. Kufikia katikati ya 1848 yeye na Jacinto Pat walikuwa wameshika sehemu kubwa ya rasi na wanaukaribia mji mkuu, Mérida. Kisha jeshi lao likarudi nyuma. Masimulizi ya Wamaya wenyewe yanasema kumbikumbi waliruka, ishara ya mvua, na wapiganaji wakaenda kupanda. Wanahistoria huongeza upungufu wa baruti na mfarakano wa viongozi. Sisi tunaona sababu hizo hazipingani: jeshi la wakulima lisilo na ghala hula kinachopandwa mwaka huohuo, na asiyepanda Juni hana cha kula baadaye, awe ameushika mji au hakuushika.

Walioshindwa waliadhibiwa vikali. Tangu 1849 mateka wa Kimaya waliuzwa Cuba kwenye mashamba ya miwa, mpaka Rais Benito Juárez alipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1861. Lakini wengine waliingia msituni mashariki, na mwaka 1850, kwenye kisima cha maji ya mwambani, wakajenga mji wao wa Chan Santa Cruz kuzunguka msalaba walioamini kwamba unasema nao. Walijitawala kwa miaka 50. Kilichowabeba, mbali na imani, ni mpaka: wafanyabiashara wa koloni la Waingereza, Belize ya leo, waliwauzia bunduki na baruti, na wakata magogo waliwalipa kodi ya kukata miti. Ndiyo maana pigo kubwa lilitoka mezani. Mwaka 1893 Uingereza na Mexico zilitia saini mkataba wa mpaka, biashara ya silaha ikakatwa, na mwaka 1901 Jenerali Ignacio Bravo akaingia Chan Santa Cruz.

Guatemala tunaigusa kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa inahitaji siku yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996 viliua watu wapatao 200,000, na Tume ya Ukweli ilikuta kwamba asilimia 83 ya wahanga waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Mei 1978, pale Panzós, wanajeshi waliwafyatulia risasi wakulima wa Kimaya wa Kiq'eqchi' waliokuja kudai ardhi yao.

Turudi Chiapas. Mapinduzi ya Mexico yalileta ejido, ardhi ya kijiji ambayo wanakijiji huitumia bila kuweza kuiuza. Vijana waliokosa nafasi milimani walishuka kufungua vijiji katika msitu wa Lacandón. Mwaka 1972 amri ya rais ilitoa zaidi ya hekta 614,000 za msitu huo kwa familia 66 za Walacandón, na walowezi wengi wa Kitzeltal na Kich'ol, ambao nao ni Wamaya, wakageuka wavamizi kwa kalamu moja. Mwaka 1989 bei ya kahawa ikaporomoka. Januari 1992 ibara ya 27 ya katiba ikabadilishwa: ugawaji wa ardhi ukakoma, na ejido ikaruhusiwa kugawanywa na kuuzwa. Kwa familia ambazo maombi yao ya ardhi yalikuwa bado ofisini, huo ulikuwa mwisho wa foleni.

Jeshi la Wazapatista, waasi ambao wengi wao ni Wamaya wa Chiapas, lililoundwa msituni Novemba 1983, liliteka San Cristóbal de las Casas, Ocosingo na miji mingine tarehe 1 Januari 1994, siku uliyoanza mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini. Baadhi yao walibeba bunduki za kuchonga kwa mbao. Mapigano yalidumu siku 12. Makubaliano ya San Andrés kati yao na serikali, ya Februari 1996, yaliahidi kujitawala, lakini sheria iliyopitishwa mwaka 2001 iliyapunguza mno, na Wazapatista wakaikataa. Kabla ya hapo, Desemba 1997, watu 45 waliokuwa wakisali waliuawa na wanamgambo pale Acteal, kijiji cha Chiapas.

Wazapatista wakaamua kutosubiri sheria. Agosti 2003 walifungua vituo vitano walivyoviita Konokono, kila kimoja na Baraza la Utawala Bora. Kijiji kilikuwa na mkutano wake. Vijiji viliunda wilaya. Wilaya zilituma wajumbe barazani. Mjumbe hakukaa moja kwa moja, alikwenda kwa zamu ya wiki moja au mbili, kisha alirudi kondeni. Hakulipwa mshahara. Kijiji kilimsaidia kulima shamba lake kwa msaragambo, kama tungeita hapa, na kumchangia nauli na chakula. Mradi wa mfadhili kutoka nje ulitozwa asilimia 10, zigawiwe kwa sehemu zisizo na mfadhili. Walimu na wahudumu wa afya hutoka vijijini mwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukusoma sifa tu. Zamu zilizuia wizi, lakini kila kundi jipya lilianza kusikiliza shauri upya, na mwenye kesi alichoka kusubiri. Sheria ya Wanawake ya Wazapatista ya mwaka 1993 iliwapa wanawake haki ya kuchagua mume, kushika uongozi na kutopigwa, lakini vipengele vyake 10 havitaji urithi wa ardhi, na mjane bila ardhi anabaki mtegemezi. Tangu 2019 mpango wa serikali ya Mexico wa kupanda miti ulilipa posho ya mwezi kwa mwenye hekta 2.5, ikawa kila mmoja anatafuta hekta za kuonyesha, na migogoro ikaingia hata kwenye ardhi ambayo Wazapatista waliitwaa kwa mabwana mwaka 1994. Magenge ya dawa za kulevya yakazidisha hatari barabarani. Mwishoni mwa 2023 Wazapatista walivunja wilaya na mabaraza yao wenyewe, wakisema yalikuwa yamekaa kama piramidi na habari hazishuki chini, wakarudisha madaraka kwa kila kijiji. Sehemu ya ardhi waliitangaza kuwa ya wote: hailimwi kwa hati, haiuzwi, na hata asiye Mzapatista anaweza kulima humo kwa masharti ya pamoja. Tunawaheshimu zaidi kwa kubomoa walichokijenga kuliko tungewaheshimu kwa kukificha kilipooza.

Belize walipita njia nyingine. Wamaya wa wilaya ya Toledo walitembea mipaka yao, wakachora ramani wao wenyewe zikionyesha makonde, mito, makaburi na misitu ya kuwindia, pamoja na mashamba yaliyopumzika. Mwaka 2007 Jaji Mkuu Abdulai Conteh, mzaliwa wa Sierra Leone, aliamua kwamba vijiji vya Santa Cruz na Conejo vina haki ya ardhi kwa mila. Tarehe 22 Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Karibiani ilithibitisha haki hiyo kwa vijiji vyote 38. Kazi ya kuweka mipaka imekwenda polepole kuliko vijiji vilivyotarajia, lakini pori lao sasa lina mwenyewe mbele ya sheria.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu kwako ni machache. Tunaomba utusaidie kupata nakala kubwa ya ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji hiki, na kifaa kimoja cha GPS, ili wanachama wajifunze kutembea mpaka na kuuchora kama walivyofanya watu wa Toledo. Tunaomba pia ofisi yako ituombee ruhusa, wanachama 10 kwa zamu, tukae nyuma katika mkutano mkuu wa kijiji na kusikiliza tu, siku ajenda inapokuwa ardhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia