Mwanangu, uliza kadi ya bima inafungwa lini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma juzi usiku, nikausoma tena leo asubuhi. Kazi mpya, mshahara umepanda, hongera sana. Nimefurahi, na baba yako amefurahi kuliko mimi. Lakini yale maneno ya mwisho, uliyoyaandika kama jambo dogo tu, ndiyo yaliyoninyima usingizi: kwamba kwa kuwa unaondoka kazini unafikiria kuichukua akiba yako yote ya pensheni ununulie gari, maana uzee bado uko mbali. Hili si la kumalizana kwa simu. Kaa usome.

Nianze na jambo ambalo hatukuwahi kukusimulia lote. Unajua baba yako alilazwa mwaka ule niliostaafu. Hujui pesa zilitoka wapi.

Nilimaliza kazi mwisho wa mwezi. Wenzangu waliniaga vizuri, kiinua mgongo kikaingia benki, nikajiona nimefika salama. Siku 19 baadaye baba yako akaamka mkono wa kushoto umekufa ganzi, mdomo umepinda, maneno hayaeleweki. Tulipofika hospitali nilimpa binti wa dirishani kadi ya bima, ileile niliyoitumia miaka 26. Akaiingiza kwenye mashine, akasubiri, akaifuta kwa kitambaa, akaiingiza tena. Kisha akanirudishia taratibu, akasema kwa sauti ya chini ili wa nyuma yangu wasisikie: "Mama, hii imefungwa tangu mwisho wa mwezi uliopita."

Siku ya kuondoka kazini nilisaini karatasi nyingi. Hakuna aliyenieleza kwamba bima inakatika siku ileile ajira inapokatika, na mimi sikuuliza. Hilo la kutouliza ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki ileile nikaenda kutafuta bima ya kujilipia. Fomu ilitaka tueleze magonjwa yote tuliyonayo. Baba yako alikuwa na shinikizo la damu linalojulikana kwa miaka mingi, na sasa kiharusi juu yake. Walikubali kumwandikisha, ila chochote kitokanacho na shinikizo kisingelipiwa kwa miezi 12 ya kwanza. Nilitoka pale nimekasirika. Baadaye nilielewa: bima ni mfuko wa wengi wanaochangia kabla hawajaugua. Kila mtu akingoja augue ndipo achangie, hakuna mfuko utakaosimama. Ndiyo maana wanauliza umri, wanauliza magonjwa, wanaweka kipindi cha kusubiri. Mlango wa bima uko wazi zaidi kwa aliye mzima, na unazidi kuwa mwembamba kila mwaka unaoongezeka. Tulipaswa kuwa na bima yetu wenyewe miaka mingi kabla, hata ndogo, isiyotegemea mwajiri.

Sasa angalia ulipo wewe. Unaacha kazi moja, unaingia nyingine. Umeuliza bima ya zamani inaisha tarehe gani? Na hiyo mpya inaanza siku ya kwanza, au baada ya miezi ya majaribio? Una mtoto wa miaka 2. Hilo pengo la katikati, hata likiwa la wiki 3, ni lilelile lililotumeza sisi. Waulize pande zote mbili, tena wakujibu kwa maandishi. Uliza pia kama unaruhusiwa kuendelea na bima ya zamani kwa kujilipia mwenyewe wakati unasubiri.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui mpaka liwafike. Nilidhani gharama kubwa ya ugonjwa wa uzeeni ni daktari, vipimo na wodi. Kwetu hiyo ilikuwa nusu tu ya habari. Baba yako aliporudi nyumbani hakuweza kujiogesha wala kufunga vifungo vya shati. Alihitaji mtu wa kumwinua kitandani, kumsaidia chooni, kumshika mkono akitembea kutoka ukutani mpaka dirishani na kurudi. Mimi peke yangu sikuweza. Mgongo wangu ulikataa wiki ya pili. Tukamlipa mtu miezi 8. Bima nyingi za afya hulipia matibabu. Kumhudumia mtu nyumbani siku baada ya siku hazikuhesabu kama matibabu. Meno, miwani, vifaa vya kusikia, navyo mara nyingi huachwa nje au hupewa kiasi kidogo mno, na hivyo ndivyo vitu vinavyokuja na miaka. Kwa hiyo unaposoma mkataba wa bima, anza na ukurasa wa yale yasiyolipiwa. Kisha tafuta kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu kabisa watakacholipa kwa mwaka, sehemu utakayochangia mwenyewe kila unapotibiwa, na umri ambao wakishakuona umeufikisha hawakuongezei mkataba. Hilo la mwisho usiliruke.

Nusu ya kiinua mgongo changu iliishia huko. Haikupotea, baba yako anatembea kwa fimbo, anaongea, jana amenisomea gazeti lote. Lakini pesa ile ilikuwa ya kutulisha miaka mingi.

Narudi kwenye gari lako. Umechangia miaka 9. Chukua hesabu hii na kikokotoo, usiniamini kwa mdomo. Tuseme kila mwezi mfuko ulipokea 100 kwa jina lako, na faida ni asilimia 6 kwa mwaka, inaongezwa kila mwezi juu ya faida iliyokwishapatikana. Jumla ya michango ni 10,800, na leo ungekuta kama 14,270. Ukiiacha hapohapo bila kuongeza hata moja, kutoka miaka 33 uliyonayo mpaka 60, inafika karibu 72,000. Gari litakalonunuliwa kwa hiyo 14,270 litakuwa limeshakuwa chuma chakavu kabla hujafika 45.

Nikuambie ukweli wote lakini. Bei nazo zinapanda. Kuna njia ya haraka ya kupima: gawanya 72 kwa kiwango cha kupanda kwa bei, utapata miaka ambayo bei zitakuwa zimeongezeka mara mbili. Zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, ni miaka 12. Yaani pensheni isiyoongezwa, baada ya miaka 12 inanunua nusu tu ya ilichonunua mwanzo. Ndiyo maana faida ya mfuko inatakiwa iushinde mfumuko wa bei; ikilingana nao, umekimbia ukabaki palepale. Omba taarifa ya mfuko wako kila mwaka, weka viwango hivyo viwili kimoja kando ya kingine. Tena angalia kama mwajiri kweli amewasilisha michango yote aliyokukata. Miezi inayokosekana hudaiwa kwa urahisi ungali kazini, si miaka 25 baadaye.

Serikali ya Ujerumani ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzeeni mwaka 1889, umri wa kulipwa ulikuwa miaka 70, na wengi walikufa hawajaufikia. Mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Siku hizi mtu anastaafu na miaka 60 na bado ana 20 au 30 ya kuishi. Huo ni muda unaoweza kukaribia ule uliofanya kazi, bila mshahara. Ukifika huko watakuuliza unataka kiasi gani kwa mkupuo na kiasi gani kila mwezi. Mkupuo unavutia, na watu wa kukushauri uuweke huku na kule watajaa mlangoni, wengine wakiwa matapeli kabisa. Mimi ningekushauri uegemee upande wa malipo ya kila mwezi ya maisha yote, kwa sababu hayo hayaishi kabla yako. Uliza pia kama yanaendelea kwa mwenza wako ukitangulia, na kwa kiwango gani. Kwa akiba yako ya pembeni, Mmarekani mmoja, William Bengen, alipiga hesabu mwaka 1994 akaona kwamba mtu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza wa kustaafu, halafu akawa anaongeza kulingana na bei, akiba ingedumu miaka 30. Aliitoa kwenye historia ya masoko ya kwao, basi usiifanye sheria. Ichukue kama kipimo cha kukuzuia usitoe asilimia 10 ukidhani ni kidogo.

Ninachokuomba ni hiki. Akiba ya pensheni ihamishwe kwenye mfuko wa kazi mpya kama kanuni zinaruhusu, au ibaki ilipo, usiiguse. Hiyo nyongeza ya mshahara, kabla hujaizoea, igawe: sehemu iende kwenye bima ya familia iliyo kwa jina lako mwenyewe, sehemu iende kwenye akaunti ya matibabu tu, mbali na ada na kodi ya nyumba. Gari litangoja mwaka mmoja au miwili, nawe utalinunua bila deni. Na jina la mnufaika kwenye fomu za mfuko, naamini bado ni langu, maana uliandika kabla hujaoa. Libadilishe wiki hii. Mimi sitachukia hata kidogo.

Ile kadi iliyofungwa bado ninayo, nimeibana kwenye daftari la gharama za baba yako, ukurasa wa kwanza. Mwisho wa mwezi mkija, njoo na fomu zako zote, na ile ya kutoa pensheni usiisaini. Tutakaa mezani sote watatu na mke wako awepo, maana na yeye inamhusu. Baba yako anasema yeye ndiye atakayeshika kikokotoo, kwa mkono wa kushoto.

Mama yako