Kwa kaka yangu, kuhusu Ndio Mzee na usiku ule wa matanga

Kaka, shikamoo.

Ninakuandikia hapa kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu najua bado unapita mahali hapa usiku unapokosa usingizi. Sitaki kuzungumzia shamba wala mirathi. Hayo yana wazee wake. Nataka tumalizane juu ya Profesa Jay na ule wimbo wake wa kuchana, Ndio Mzee.

Lile daftari la kaunta tulilonakilia maneno ya nyimbo zake ninalo mimi. Wewe ulishika redio na mimi nikashika kalamu, kwa kuwa ulisema mwandiko wangu unasomeka. Betri tulikuwa tumezianika juani tangu mchana ili zifike mwisho wa upande wa kwanza, na kanda hatukuirudisha nyuma kwa redio bali kwa kalamu ya Bic, tukiipachika kwenye tundu na kuizungusha hewani, tusije tukamaliza moto kabla ya ubeti wa tatu. Ulibonyeza kitufe kila baada ya mistari miwili, ukanitajia, nikaandika. Katika ubeti wa pili wa Ndio Mzee kuna neno ambalo wewe ulilisikia hivi na mimi nikalisikia vile, tukagombana mpaka mama akagonga ukuta, na mwishowe nikaacha nafasi wazi yenye upana wa kidole.

Sasa usiku wa pili wa matanga ya baba, chini ya turubai, vijana wa shangazi wakaanza kubishana nani mkali kati ya Profesa na mchanaji mwenzake, Sugu. Mmoja alishikilia kwamba Sugu ndiye aliyefungua mlango, mwingine akasema kufungua mlango si sawa na kujenga nyumba. Wewe ulikuwa unasogeza kuni, kimya. Kisha ukasema kwamba wote wawili ni nakala ya Marekani, na kwamba Profesa alijifuta mwenyewe siku alipogombea ubunge mwaka 2015, kwa kuwa mtu hawezi kuwakejeli wagombea halafu akapanda jukwaani kuomba kura. Nilipokukosoa ulinigeukia mbele ya watoto wale ukasema, “Wewe ulikuwa unaandika tu. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.”

Kuhusu Marekani, sikatai kwamba midundo na namna ya kuchana vilitoka huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alijulikana kwa kupachika maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Vanilla Ice, na wengi walianzia hapo. Lakini sikiliza jinsi Ndio Mzee ulivyojengwa. Mgombea anasimama, anamwaga ahadi ambazo hata mtoto anajua hazitekelezeki, na umati unamwitikia. Ile ni ngonjera, kaka. Ni ile tuliyoikariri shuleni tukiwa tumepangwa uwanjani mbele ya mgeni rasmi, upande mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu, aina ya ushairi ambayo Mathias Mnyampala aliieneza na ambayo ilitumika kufundishia siasa ya Azimio la Arusha. Katika ngonjera zile asiyejua huelimishwa, na mwisho wote hukubaliana. Profesa alilichukua umbo hilo akaligeuza: kwake wanaokubali ndio wanaodanganywa. Baadaye akautungia mwenzake, Siyo Mzee, ambamo wananchi wanaacha kuitikia. Mtu anayeusikiliza wimbo huo na kusikia Marekani peke yake hajasikia vizuri, na ninalisema hili kwa heshima zote ninazokudai na unazonidai.

Kuhusu ubunge, wewe hukuwepo. Baba, ambaye alituzimia redio mara ngapi akiuita muziki ule uhuni, alikwenda kwa miguu kwenye mkutano wa kampeni, akarudi na vumbi mpaka magotini, akakaa barazani na kuniomba nimwekee wimbo ule kwenye simu. Aliusikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Huyu alitufundisha kutoitikia, sasa kaja kuona kama tulielewa.” Nami naona vivyo hivyo: katika wagombea wote waliowahi kuja kwetu Mikumi, ni yeye peke yake aliyekuja akiwa ameshatukabidhi fimbo ya kumchapia. Alishinda mwaka ule na akashindwa mwaka 2020, kama Sugu alivyoshindwa Mbeya Mjini uchaguzi huohuo. Nyimbo za miaka ile ya bungeni hazina uzito wa zile za albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, hapo nakuunga mkono. Ule wimbo wake mwingine, Zali la Mentali, unaupenda wewe kuliko mimi. Mimi huona bahati ya kijana wa kwenye wimbo ule inamfikia kwa urahisi mno. Lakini kupungua makali si kujifuta.

Hayo yote niliyajua usiku ule, na hakuna hata moja nililokujibu. Nilikuambia, wajomba na majirani wakisikia, kwamba aliyekuwa akiitikia ndio mzee, ndio mzee ni wewe, kwenye simu, kila baba alipokuuliza utakuja lini, na kwamba alikufa akiwa bado anahesabu mabasi ya Ijumaa. Watoto wakacheka, kwa kuwa walidhani bado tunauzungumzia wimbo. Wewe ulisimama ukaenda kulala ndani ya gari.

Ninakushauri kama mdogo wako: usimwambie tena mtu yeyote kwamba aliandika tu. Anayeandika ndiye anayesikiliza mara mbili. Nani alikuwa akikurudisha nyuma uliporuka neno? Nani alikuambia kwamba vina vya ubeti wa kwanza vinaanza kabla ya mahali ulipodhani? Na nani alibaki na mzee, akampeleka kliniki, akamsomea magazeti, akajifunza kutambua hatua zake gizani? Nilikuwa na haki ya kusema niliyosema. Pengine si pale, na pengine si kwa sauti ile, lakini haki nilikuwa nayo, na wewe unaijua, ndiyo maana hukunijibu.

Kinachonisumbua ni kwamba ninakumbuka pia mwaka 2022. Habari zilipoenea kwamba Profesa amelazwa Muhimbili na hali yake ni mbaya, ulinitumia wimbo saa nane za usiku, bila salamu wala maelezo. Nilijua uko macho na unalia, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo. Asubuhi hatukulizungumza. Mtu aliyeutuma wimbo ule usiku ule hakuwa anamwona Profesa kuwa nakala ya mtu. Kwa hiyo yale ya turubai uliyasema kwa sababu nyingine, na sababu hiyo nadhani ilikuwa imelala ndani ya nyumba, imefunikwa shuka jeupe.

Juzi nilifungua daftari. Nimeusikiliza ubeti wa pili kwa spika za masikioni, mara nyingi, katika rekodi safi kuliko kanda yetu, na sasa nina hakika ya neno lile. Nilikuwa sahihi mimi. Nimeliandika kwenye nafasi yake kwa penseli, ili ukija na kulisikia vingine, tulifute.