Barua kwa askari usiyemjua

Mwanangu mpendwa,

Umesema kundi lenu limekubaliana kuwaandikia askari walio kazini ng'ambo, na kwamba karatasi yako bado tupu kwa sababu hujui utamwambia nini mtu usiyemjua hata jina. Nianze na hilo, maana hapo ndipo barua nyingi huharibika.

Usimwandikie shujaa. Mwandikie mtu aliyetoka zamu, amechoka, ana dakika kumi kabla ya kulala. Barua za namna hii hufika kambini kwa mafungu, na nyingi zinasema yale yale: wewe ni shujaa wetu, tunajivunia wewe, Mungu akulinde. Maneno ya kweli kabisa, ila akishasoma tatu ameshazisoma zote. Shukrani iandike kwa sentensi moja, mwanzoni, kisha nafasi yote iliyobaki mpe jambo moja dogo ulilolitazama vizuri. Ukiandika "huku mambo ni mazuri" hujamwambia kitu. Mwambie paka amezaa watoto watatu ndani ya sanduku la viatu. Kwamba kila mkiwahamisha anawarudisha mmoja mmoja kwa kuwauma ngozi ya shingo, na yule mweusi huachwa mlangoni akilia mpaka mama yake akumbuke. Hapo atacheka, na atapata cha kumsimulia wa kitanda cha pili. Ukurasa mmoja unatosha.

Usimuulize yuko wapi, wako wangapi, wanahama lini au anarudi lini. Hata akitaka kukujibu haruhusiwi, na barua inaweza kusomwa na wasiokusudiwa. Wala usimuulize kama ameua mtu. Watoto hupenda sana swali hilo, na linaweza kumharibia wiki nzima. Kama una hamu ya kuuliza, uliza jepesi: anapenda mchezo gani, au chakula gani atakitafuta kwanza akirudi. Siasa za vita ziache nje. Kusema unamwombea ni sawa, lakini mahubiri hapana, kwa sababu hujui dini yake. Na usimdai jibu. Wengine hawajibu kamwe, na barua zao huzitunza miaka.

Sasa karatasi. Karatasi ya A4 ya kawaida ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo kurasa mbili pamoja na bahasha hazivuki gramu 20, kiwango cha kwanza cha uzito kinacholipiwa stempu katika posta za nchi nyingi. Ikunje mara mbili iwe sehemu tatu, itaingia bila shida katika bahasha ndefu ya milimita 110 kwa 220. Andika kwa peni ya kawaida yenye wino mzito. Wino wa majimaji ukipata unyevu huchuruzika na barua haisomeki. Pini za stepla na klipu hukwama kwenye mashine za kuchambulia barua. Ule unga wa kumetameta mnaoupenda kwenye kadi usiutie kabisa: humwagikia kitandani na kwenye vifaa vyake, na tangu barua zilizotiwa vijidudu vya ugonjwa wa kimeta mwaka 2001 kule Marekani, unga wowote ndani ya bahasha ni jambo la kutia shaka. Manukato pia acha.

Mapambo kuleta taabu si jambo la leo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walipiga picha barua kwenye filamu ndogo ili kuokoa nafasi ya mizigo: barua 150,000 za ukurasa mmoja, zilizohitaji magunia 37, ziliingia katika gunia moja. Wanawake waliobusu karatasi kwa midomo yenye rangi walizisumbua mashine kwa ule wekundu wao, na walioandika kwa herufi ndogo barua zao zilichapishwa ng'ambo zikiwa hazisomeki.

Anuani ndiyo inayopoteza barua nyingi. Andika cheo, jina kamili, kikosi na namba ya posta ya jeshi, basi. Wamarekani wana APO na FPO, Waingereza wana BFPO. Ukiongeza jina la nchi au mji aliko, barua inaweza kuangukia kwenye posta ya kiraia ya huko, na siri ya mahali umeshaitoa. Kwa askari asiye na jina, usiitume mwenyewe: Marekani iliacha kupokea barua za "kwa askari yeyote" mwaka huo huo wa 2001. Zinapitia kwa wanaokusanya, nao huzisoma kwanza, kwa hiyo bahasha yako usiigundishe. Weka jina lako la kwanza tu. Jina la ukoo, namba ya simu na anuani ya nyumbani visionekane popote, hata nyuma ya picha.

Tarehe iandike juu. Barua inaweza kuchukua wiki moja au wiki nyingi, na kwa aliye melini husubiri mpaka meli itie nanga. Kwa hiyo salamu za sikukuu zitume mapema, na habari za mechi ya jana ziache.

Siku ukimwandikia ndugu au rafiki aliye huko, zipe barua namba, 1, 2, 3, kwa sababu hufika zikiwa zimepishana. Na usimwandikie kamwe "mama anaumwa, nitakueleza baadaye." Hiyo baadaye kwake ni wiki tatu za kukosa usingizi akiwa na bunduki mkononi. Andika ugonjwa ni upi, daktari amesema nini, nani anamwangalia, au usubiri mpaka ujue. Msiba hautumwi kwa barua. Unapelekwa kwa njia za jeshi, na kwa Wamarekani Msalaba Mwekundu huuthibitisha kwanza ndipo kamanda aambiwe.

Rasimu iandike kwa penseli, uniletee niione kabla hujainakili. Nitakata sifa, paka sitamgusa.

Ni mimi mama yako.