Barua ya malalamiko: seti ya "Vita vya Tanga 1914" isiyolingana na maelezo yake

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

KUH: ASKARI WADOGO WA PLASTIKI WALIOUZWA KAMA JESHI LA VITA VYA TANGA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Tanga. Niliagiza kwenu seti ya askari wadogo iliyotangazwa kuwa ya Vita vya Tanga, skeli ya 1/72 (yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72), "sahihi kihistoria", ili mimi na wanafunzi wa klabu yetu tujenge daiorama, yaani mandhari ndogo ya kuigiza, ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 4 Novemba 1914. Fedha mlipokea kwa simu, mzigo ukaja kwa basi, na kuhusu usafirishaji sina neno. Neno langu liko ndani ya sanduku.

Lebo inasema kuna askari 24 wa jeshi la Wajerumani. Nilichokikuta ni askari 24 wa King's African Rifles: kaptura, sweta, miguu mitupu, mikononi bunduki za Lee-Enfield. Hilo lilikuwa jeshi la Waingereza, na hata upande huo wa Waingereza halikuwamo katika kikosi kilichoteremka ufukweni Ras Kasone, hapa Tanga. Askari waliokuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walivaa koti na suruali za kaki, vitambaa vilivyozungushwa miguuni hadi chini ya goti, viatu vya ngozi, na tarbushi iliyovishwa kaki, yenye nembo ya tai kwa mbele na kitambaa cha kukinga shingo kwa nyuma. Picha zao za wakati ule zipo tele. Aliyetaka kuwachonga sawasawa hakukosa pa kutazama.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba upande wa pili kazi imefanywa vizuri mno. Vilemba vya Rajputs, wanajeshi Wahindi wa Waingereza, vimekunjwa kwa ustadi, na Waingereza wenyewe wa kikosi cha Loyal North Lancashire wana kofia zao ngumu za jua, mikanda imekaa mahali pake, hadi vifungo vinaonekana. Mchongaji huyo huyo alipofika kwa Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema na Msudani, akaona mtu mweusi mwenye bunduki anatosha. Na hawa ndio walioshinda vita yenyewe. Waingereza walileta watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi chini ya Jenerali Aitken. Waliowarudisha majini walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika.

Nilipowaandikia kwa WhatsApp, mhudumu wenu alinijibu: "Askari ni askari tu mwalimu, ukishawapaka rangi hakuna atakayejua." Kwa mji mwingine labda. Hapa Tanga makaburi ya vita hiyo yapo mjini, na wapo wazee ambao babu zao walibeba bunduki au mizigo upande mmoja au mwingine, wakati mwingine pande zote mbili kwa zamu. Watajua. Hata ninyi wa Dar es Salaam mnapita kila siku kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza, pale pale ilipokuwa imesimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Mtu aliyewahi kuuliza kwa nini sanamu moja iliondolewa na nyingine ikawekwa asingeniambia kuwa askari ni askari tu.

Halafu skeli. Nimewapima kwa rula, bila kuhesabu kofia. Wahindi na Waingereza wana milimita 24. Zidisha kwa 72, unapata mtu wa mita 1.73, na hapo hakuna ugomvi. Wale askari 24 wana milimita 28, yaani mita mbili na ushei kila mmoja, na ukiwasimamisha kando ya reli mbele ya Rajputs wanaonekana kama timu ya mpira wa kikapu iliyopotea njia. Ndiyo maana naamini hawakutengenezwa kwa ajili ya seti hii. Wametolewa kwenye sanduku jingine wakawekwa humu ili idadi itimie.

Bunduki nazo si jambo dogo kwa mjenzi wa daiorama. Mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Wajerumani bado zilibeba Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi, ambayo kila ikilia ilitoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Kwa askari ilikuwa balaa. Kwa sisi ni neema: unabandika pamba kidogo kwenye mtutu, na mtazamaji anauona mstari mzima wa ulinzi bila kuelezwa. Pamba hiyo siwezi kuibandika kwenye Lee-Enfield, isiyotoa wingu la moshi kama hilo, bila kusema uongo.

Miti nitaipitia haraka. Maelezo yalisema minazi, nimepokea mitende. Tena ya sentimita 7, ambayo kwa skeli yenu ni mti wa mita 5. Mnazi mrefu wa pwani hufika mita 20 na kuzidi, yaani karibu sentimita 28 kwenye ubao. Wanafunzi wangu, watoto waliokulia chini ya minazi, walicheka hadi mmoja akatoka nje. Tunajitengenezea yetu kwa waya na karatasi. Miti ya mpira, ambayo mashamba yake nayo yalikuwa uwanja wa mapigano, hamkuweka hata mmoja.

Nyuki, waliowavamia wapiganaji siku ile, silalamikii. Picha ya sanduku inawaonyesha kila mmoja akizidi kichwa cha askari, nikajua ni mbwembwe za mchoraji. Nyuki wa kweli kwa 1/72 hafiki hata robo ya milimita. Hao tumewapata jikoni: pilipili manga iliyosagwa, imebandikwa kwa gundi kwenye nyuzi nyembamba. Ila kijikaratasi chenu kinaeleza kama jambo la hakika kwamba Wajerumani waliwategea adui zao nyuki. Huo ni uvumi uliozuka baada ya kushindwa. Nyuki walichokozwa na risasi, na waliwauma watu wa pande zote mbili. Mimi nitaueleza darasani kama uvumi. Mzazi atakayemnunulia mtoto wake seti hii atausoma kama historia.

Kijikaratasi hicho hicho kinaagiza kupaka rangi moja kwa moja. Plastiki yenu ni ile laini ya polithini, isiyopenda kushika rangi wala gundi. Tuliwaosha Wahindi na Waingereza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukawapiga praima (rangi ya msingi) kwanza, na bado rangi inabanduka kwenye singe na mitutu, kwa sababu plastiki inapinda na rangi haipindi. Andikeni basi hata mstari mmoja wa tahadhari.

Mhudumu wenu alimalizia kwa kusema hivi ni vitu vya kuchezea. Sanduku lenyewe linasema "kwa maonyesho na kufundishia", na bei mliyonitoza haikuwa ya vitu vya kuchezea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji. Sipendi kufika huko kwa ajili ya askari wasiofika sentimita tatu, lakini njia naijua.

Naomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mniletee askari 24 wenye sare za jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, wa skeli ya 1/72 kweli, kwa gharama yenu. Kama mtengenezaji hana, mnirudishie nusu ya bei pamoja na nauli ya mzigo. Nusu tu, kwa kuwa Wahindi na Waingereza tumeshawapaka rangi na tutabaki nao. Vocha ya kununulia tena dukani kwenu sitaipokea. Na maneno "sahihi kihistoria" myaondoe kwenye tangazo hadi mtakapokuwa mmeibadilisha seti.

Askari wenu hawajaguswa. Wamo ndani ya mfuko wao, na nitawakabidhi kwa wakala wa basi siku mtakayothibitisha kwa maandishi mojawapo ya njia hizo mbili.

Wako mteja,
Mwalimu wa Historia,
Tanga.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za askari kando ya rula, picha ya lebo ya sanduku, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp.