Miradi ya wanafunzi wa uhandisi isiishie kwenye maonyesho

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu zamani na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari ya maonyesho ya miradi ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho imenikera hata nimeshika kalamu. Mwandishi wenu alimsifu mgeni rasmi, akasifu mashine moja baada ya nyingine, akaweka na picha. Hakuuliza nani aliziomba mashine hizo, wala zinakwenda wapi maonyesho yakifungwa. Naomba umrudishe akaulize.

Mimi nina karakana hapa Ngamiani, Tanga, na vijana wa vyuo huja kwetu mafundi kutengenezewa miradi yao. Mashine zao nimezikuta kwa macho yangu nyuma ya jengo la idara, zinanyeshewa, zikingoja mnunuzi wa chuma chakavu.

Msimu uliopita alikuja kijana mmoja kutoka chuo ambacho sitakitaja. Ana adabu, akaniamkia, akafungua kompyuta yake akanionyesha mchoro wa mashine ya kufua nazi, yaani kuitoa makumbi yake ya nje, mchoro wa rangi unaozunguka kwenye kioo. Nikamuuliza, “Mwanangu, umewahi kushika kifuo?” Hakujua kifuo ni nini, ule mti wenye ncha wa kufulia nazi. Kwao ni bara, simlaumu. Namlaumu msimamizi aliyepitisha mradi bila kumwambia apande basi aende Pangani au Kigombe, akae na wafua nazi asubuhi moja tu. Angeona kwamba mfua nazi hodari anaimaliza nazi kwa sekunde chache, bila umeme wala petroli, na mashine yoyote inayotaka kuchukua nafasi yake lazima imshinde huyo kwanza. Angeona pia kwamba nazi hazilingani: kuna kubwa na ndogo, kuna zilizokauka na zenye makumbi bado mabichi. Roli za mashine yake, zile za kuchana makumbi, zilikuwa na nafasi moja isiyorekebishika. Mota aliichagua bila kupima nguvu inayotakiwa kuchana kumbi. Mkanda na puli havikuwa na kifuniko, kwenye mashine ambayo mtu anapeleka mkono kila mara! Nilipomwambia tupime kwanza hiyo nguvu kwa wenzo na mzani, akasema, “Mzee, muda umekwisha, uwasilishaji ni wiki ijayo, nitengenezee hivyo hivyo.” Kifuniko nilikiweka kwa kumlazimisha. Vijana wangu wakakata angolaini, wakachomelea, wakapaka rangi, naye amesimama pembeni anapiga picha za ripoti. Ile mashine ilifua nazi zilizochaguliwa saizi, nyingine ikazivunja. Akafaulu vizuri, kwa sababu ripoti ilikuwa nene. Fundi wangu, ambaye aliuona ubovu wa zile roli kabla chuma hakijakatwa, hakuna mhadhiri aliyemuuliza neno. Na hela ya vyuma vyote hivyo ilitumwa na mama wa kijana, anayeuza nyanya gengeni. Mama wa watu ameuza nyanya kununua chuma cha kuozea nyuma ya darasa! Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Na mafunzo kwa vitendo nayo ni yale yale. Vijana wanapelekwa viwandani, wanawekwa ofisini kutoa fotokopi, na kitabu cha kumbukumbu za kazi kinasainiwa kurasa zote kwa mkupuo siku ya mwisho. Msimamizi wa chuo akija anaulizia saini, haulizii kazi. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwalea wahitimu kazini kwa miaka 3, na mpango huo ni mzuri. Lakini mtu aliyesoma uhandisi miaka 4 mbona asubiri mpaka amalize ndipo akutane na mwenye shida ya kweli?

Mwaka 1973 nchi hii ilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na mwaka huo huo kikafunguliwa Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka yote hii, ilipasa mwanafunzi asikae akiwaza kichwa cha mradi, aende SIDO akachukue shida za watu zilizoandikwa. Kule California, Marekani, chuo cha Harvey Mudd kinafanya hivyo tangu 1963: kampuni inaleta tatizo lake na kulilipia, kundi la wanafunzi linalishughulikia mwaka mzima wa masomo. Hapa Tanga tutakosa tatizo? Singa, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge, kilichobaki karibu chote kinamwagwa. Machungwa ya Muheza yanaoza msimu ukifika. Wakulima wa mwani wanahangaika kuukausha mvua zikianza.

Ninachotaka ni hiki. Kichwa cha mradi kisipitishwe mpaka kiwe na saini ya mwenye shida, na kijiji chake kiandikwe. Kazi ianze muhula wa kwanza, na kufikia Desemba pawepo mfano hata wa mbao, ubovu uonekane mapema wakati kurekebisha bado ni rahisi. Vyuma vilipiwe na chuo. Alama 40 kati ya 100 zizuiwe mpaka mashine ifanye kazi mwezi mzima mikononi mwa huyo aliyetia saini, na yeye ndiye azitoe. Kama haikuweza, darasa linalofuata liichukue hiyo hiyo na ripoti yake, waanzie pale wenzao walipokwama. Ile ya nazi ilihitaji roli za kusogea tu. Na msimamizi aje karakana, akae kutwa nzima. Benchi na miwani nitampa mimi.

Maonyesho yajayo yafanyike Pangani, wafua nazi waje na vifuo vyao, nazi zimwagwe chini bila kuchaguliwa, na mashine iwekwe pembeni yao kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

Mwenye karakana,
Ngamiani, Tanga